Misumari ya Nyumba ya Nyuma

Kaka alinipigia simu mwenyewe. Jambo hilo hutokea mara mbili kwa mwaka, na mara zote kuna kitu kimeharibika.

"Mdogo wangu, njoo univutie waifai nyumba zote tatu. Ile ya nyuma nataka niweke mpangaji. Mpangaji wa siku hizi haulizi maji, anauliza waifai."

"Ile ya mama?"

"Ya nyuma," akasema.

Nikamwambia nitakuja, na nikaja siku hiyohiyo. Hapo mtanicheka mkitaka, kwa sababu mama mwenyewe aliniomba kazi hiyohiyo miaka miwili mfululizo nami sikuifanya.

Mimi ni fundi wa mitandao. Navuta waya kwenye maduka, shule na nyumba za watu nisiowajua, ili waongee na ndugu zao. Chumba cha mama kilikuwa mwisho wa kiwanja, nyuma ya nyumba mbili na matangi ya maji, na simu haikushika humo. Akitaka kupiga alitoka nje, akapindua ndoo, akapanda juu yake na kuinua simu kama mtu anayeuza kuku mnadani. "Kitinda wangu," alikuwa akiniambia, maana mimi ndiye kitindamimba, "nivutie na mimi huo mtandao." Nilikuwa nikimjibu, Jumamosi, mama. Siku moja nilimwambia kwake hakuna waifai, akasoma neno WiFi kwenye fulana yangu ya kazi, akacheka mpaka akakohoa: "Wifi? Mawifi zangu wote wameshakufa, na wa mwisho nilimshukuru Mungu!"

Wanasema kinyozi hajinyoi. Sawa, lakini kinyozi huyo anaumia peke yake. Mimi nilimwacha mama yangu.

Na kuna jingine. Alipopiga nikiwa na shughuli zangu, niliiacha simu ilie. Kesho yake nilimwambia, network ilikuwa mbaya, mama. Aliamini. Angeachaje kuamini, na aliyesema ndiye fundi?

Siku aliyokufa alipiga mara tisa. Niliziona zote tisa. Asubuhi walimkuta amelala chini kando ya ile ndoo.

Sasa niwaambie kwa nini mama wa mwenye nyumba aliishi nyuma ya matangi. Shemeji yangu, mke wa kaka, alizika watoto wawili. Wa kwanza homa ya siku tatu, wa pili homa ya siku mbili. Mtu akiumia hivyo hutafuta mkono wa kuulaumu, na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa mama, aliyewaogesha na kuwabeba. Hakuna aliyelitamka neno lile kwa sauti. Lilipita tu uani, kutoka mdomo hadi sikio, mpaka siku moja kitanda cha mama kikahamishwa. Kaka alibeba upande mmoja. Mimi nilibeba mwingine.

Mchawi. Mama yangu, aliyekuwa akimwomba radhi hata kuku akimkanyaga.

*

Nilifika jua linaelekea kuzama, na ngazi begani. Shemeji alikuwa kwenye nyumba ya kati, kwenye karakana yake ya ushonaji, akikusanya vitambaa kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulibeba mtoto wao wa tatu, wa miezi minane. Mtoto alikuwa akilia. Kilio chenyewe hakikuwa cha njaa wala cha usingizi. Kilikuwa kile kilio kikavu cha mtu aliyechoka kulia lakini hajui la kufanya badala yake.

"Analia tangu lini?" nikauliza.

"Miezi mitano," shemeji akasema bila kuniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Analala saa moja, anaamka, analia. Hospitali wanasema mzima."

"Meno hayo," kaka akadakia kutoka mlangoni.

Miezi mitano. Nilihesabu kimyakimya tangu tumzike mama, na najua na wao walishahesabu.

Kaka alinipa masharti yake. "Usibadilishe jina la waifai wala paswadi. Simu zetu zote zinaijua hii."

Hilo halikuwa tatizo, ndivyo tunavyofanya siku zote. Ruta inakaa nyumba ya mbele, waya unatoka pale hadi kisanduku cha kurusha mawimbi nyumba ya kati, na mwingine hadi nyumba ya nyuma. Jina moja, paswadi moja. Simu ikishakaribishwa nyumba moja, inatembea zote tatu bila kupiga hodi tena. Wateja hupenda sana nikiwaeleza hivyo.

Nikaanzia nyuma ili nimalizie mbele penye taa. Kaka alinipa ufunguo lakini hakunisindikiza. Alisema ana simu ya kupiga.

Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda, meza, pazia la mlango, vyote vilikuwa vimeondolewa. Sakafu ilifagiliwa mpaka ikabaki na mistari ya ufagio. Lakini harufu ilikuwepo. Mafuta ya kuchua magoti, yale ya chupa ya kijani aliyojipaka kila jioni. Nilisimama pale na drili mkononi. Nililia kidogo. Sikulia mazishini, nililia pale.

Kisha nikafanya kazi.

Waya ulitakiwa utoke chini ya mlango. Nilipoinama kuangalia kizingiti nikaona misumari. Ilikuwa saba, ya inchi tatu, imepigiliwa kwenye ubao wa kizingiti kwa mstari mmoja, na kila mmoja umeachwa nusu nje. Vichwa vilipakwa kitu cheusi, nikadhani lami. Nikamlaani seremala. Nani anaacha msumari hivi? Unachana waya, unachana na mguu wa mtu.

Nikachukua koleo. Nikaing'oa yote saba.

Ilitoka kwa shida. Wa mwisho ulipotoka, mlango ulijifunga polepole nyuma yangu, halafu ukafunguka. Upepo, nikasema. Hakukuwa na upepo, lakini mtu akiwa kazini hujisemea tu.

Klipu za waya zikaniishia kabla sijafika mbali. Duka la vifaa lilishafungwa. Na mimi sipendi kutupa kitu kizima, hiyo tabia nimeirithi kwa mama. Kwa hiyo nikatumia ile misumari. Mitatu niliigonga ukutani nje ya chumba cha nyuma na kuipinda juu ya waya. Miwili kwenye ukuta wa karakana. Miwili ya mwisho nyumba ya mbele, juu ya dirisha la chumba cha mtoto, pale waya ulipoingilia.

Niliifuata njia yote hiyo kwa nyundo, kutoka mlango wa mama hadi dirisha la mjukuu wake, na nikajisifu kwamba waya umenyooka.

*

Giza lilikuwa limeingia nilipowasha visanduku vyote. Taa za kijani zikawaka moja, mbili, tatu.

Kazi ya mwisho ni ya kutembea. Fundi anaanzia nyumba ya mwisho akiwa na simu mkononi, anatembea taratibu hadi nyumba ya kwanza, huku akiangalia kwenye programu kama simu inahama vizuri kutoka kisanduku hadi kisanduku. Kila kifaa kilichounganishwa kinaonekana kwa jina lake na mahali kilipo.

Nikasimama nje ya mlango wa nyuma, nikafungua orodha.

Simu ya kaka: Mbele. Simu ya shemeji: Mbele. Televisheni: Mbele. Simu ya fundi: Nyuma.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine.

Mama: Nyuma.

Jina hilo nililiandika mwenyewe, siku niliyomnunulia simu. Wakati huo alikuwa bado anaishi nyumba ya mbele. Simu yake ilikuwa inaijua paswadi.

Nikajiambia wameisahau mahali, imewashwa. Nikarudi chumbani na kumulika kila kona. Sakafu tupu. Mistari ya ufagio. Na simu ya mzee, isiyochajiwa miezi mitano, ingewakaje?

Nikatoka. Nikaanza kutembea kuelekea mbele, haraka kidogo.

Kwenye matangi ya maji simu yangu ikahama. Simu ya fundi: Kati.

Nyuma yangu, kwenye kokoto... ndala.

Shwaa. Shwaa. Shwaa.

Mama hakuwa anainua miguu. Magoti yalimzuia. Aliburuta.

Nikasimama. Ndala zikasimama.

Nikaangalia kioo cha simu kwa sababu sikuthubutu kuangalia nyuma.

Mama: Kati.

Harufu ya mafuta ya kuchua ikanipita shingoni, taratibu, kama mtu anayekupita kwenye njia nyembamba na hataki kukugusa. Kisha kikohozi kidogo, kile cha kusafisha koo kabla ya kubisha mlango wa watu.

Mama: Mbele.

Na mtoto akanyamaza.

*

Mkiishi na kelele miezi mitano, kimya kinatisha kuliko kelele. Nilimkuta shemeji amesimama katikati ya sebule na chupa ya maziwa mkononi. Kaka alikuwa ameinuka nusu kwenye kochi.

"Mbona amenyamaza?" shemeji akanong'ona.

Tukaenda mlangoni pa chumba cha mtoto, sote watatu, hakuna aliyetaka kutangulia. Taa ilikuwa imezimwa. Mtoto alikuwa macho kitandani, miguu juu, akiangalia hewa iliyo juu yake.

Akacheka.

Sikuwahi kumsikia akicheka. Nadhani hata wazazi wake walikuwa hawajamsikia. Alinyoosha mikono yote miwili, kama wanavyofanya watoto wakitaka kubebwa.

Shemeji alimnyakua. Alipogeuka, macho yake yakaangukia dirishani, kwenye waya. Akaona vichwa viwili vyeusi vya misumari.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye kizingiti cha..."

Akakaa chini na mtoto kifuani. "Saba? Umeing'oa yote saba?"

"Ilikuwa imepigwa vibaya."

"Ilipigwa vizuri!" Alisema kwa mnong'ono, lakini ulitoka kama kelele. "Mganga aliipiga mwenyewe, siku tuliyotoka kumzika mama yenu. Alisema hatavuka. Alisema akivuka, huyu wa tatu hafikishi mwaka." Akamtazama kaka. "Mwambie ndugu yako! Mwambie!"

Kaka aliangalia miguu yake. Alikuwa anajua. Alikuwa amempa mganga nyundo.

Nilitaka kuwatukana wote wawili. Nilikuwa na maneno yamejaa mdomoni. Lakini simu yangu ikaanza kulia mfukoni.

Sikuhitaji kuangalia ni nani.

Ililia. Ikalia. Shemeji alikuwa ananitazama, kaka ananitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, niliomba mtandao ukatike. Haukukatika. Nilikuwa nimeufunga vizuri.

Nikapokea.

"Kitinda." Sauti yake ilikuwa karibu, safi, bila mkwaruzo. "Leo imekubali."

"Ndiyo, mama."

"Network nzuri leo."

"Nzuri, mama."

Akapumua. Nilisikia pumzi simuni, na nikaisikia pia chumbani, upande wa kitanda. "Siku ile nilikuwa nataka maji tu. Nilishindwa kunyanyua ndoo. Sikutaka kumsumbua kaka yako, wana mtoto."

Mtoto alikuwa anajipinda mikononi mwa mama yake, anataka kwenda upande ule ule wa kitanda, anacheka.

"Huyu amechoka kulia," mama akasema. "Anaota meno ya juu. Ninyi mnampaka kwenye ufizi nini? Hebu nimshike kidogo."

"Anasema nini?" shemeji akanong'ona. "Anasema nini huyo?"

"Anataka kumshika."

Naapa nilikuwa na njia ya kulisema tofauti. Ningesema anauliza kuhusu meno. Ningesema alitaka maji. Nilisema hilo, na shemeji akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Alinishika shati. Yule mwanamke aliyezika wawili hakuwa mbaya, mnielewe. Alikuwa amekwisha.

"Mfungie! Wewe ndiye umemleta, mfungie! Nakupigia magoti, shemeji. Mtoto wangu. Mtoto wangu huyu mmoja."

Kwenye programu ile kila kifaa kina kitufe pembeni. Zuia. Nimekibonyeza mara nyingi kwa majirani wanaoiba mtandao.

"Kitinda," mama akasema, taratibu. Naamini alikuwa anaona kidole changu. "Usinirudishe kule, mwanangu. Kule peke yangu..."

Simu ikaniuliza kama nina uhakika.

Nilimtazama mtoto anayecheka. Nikamtazama shemeji. Sikujua nani anasema kweli. Mganga alisema mauti, mama alisema meno, na mimi nilikuwa na neno la mganga nisiyemwamini na neno la mama niliyemdanganya miaka miwili. Mtu mzima angesubiri. Angeuliza swali moja zaidi.

Nikabonyeza ndiyo.

Sauti ikakatika katikati ya jina langu.

Harufu ikaondoka. Mtoto akatazama hewa, akatafuta kushoto, akatafuta kulia, uso ukakunjika. Akaanza kulia.

Kaka alikwisha kushika nyundo. Tukaenda nyuma pamoja, tukang'oa misumari ukutani njia nzima na kuinyoosha, kisha akairudisha kwenye kizingiti katika matundu yake yaleyale. Mimi nilishika tochi. Msumari wa tano ulipoingia, upande wa pili wa mlango mtu alisafisha koo kidogo.

"Hodi," ikasema sauti. Ndogo sana. Ya mgeni mwenye adabu.

Kaka akapiga wa sita.

*

Kabla sijaondoka nilimuuliza shemeji kuhusu simu. Alinieleza kwa kifupi, akiwa anambembeleza mtoto. Mganga alisema kila chake kiende naye, kwa hiyo yeye shemeji aliiweka kifuani mwa mama, chini ya shuka, kabla ya kufunga jeneza. Ilikuwa imezimwa. Aliizima mwenyewe.

Mtoto hakufa. Ametimiza mwaka na miezi kadhaa, anatembea. Shemeji anasema ni misumari. Meno ya juu yalitoka wiki ileile, mawili, kama mama alivyosema. Kilio hakijakoma. Na tangu aanze kutembea, kila wakimwacha dakika moja wanamkuta nyuma ya matangi, amekaa kwenye kokoto, paji la uso limeegemea ule mlango, kimya kabisa.

Ndiyo maana wakaamua kuuziba. Mpangaji hakupatikana hata hivyo. Kaka akaniomba nije, na safari hii pia nilikuja siku hiyohiyo.

Mwashi hakuwa mtu wa pale na hakuwa anajua habari zetu. Aling'oa mlango bila kugusa kizingiti, kama alivyoelekezwa, akaanza kujenga kwenye uwazi kutoka chini. Ndani kulikuwa giza la kawaida la chumba kisicho na dirisha. Kaka na mimi tulisimama kando na kumtazama. Kutoka nyumba ya mbele tulikisikia kile kilio kikavu cha mtoto.

Ukuta ulipofika kifuani, mwashi aliinama kuchungulia ndani, akasimama na mwiko mkononi. Akajifuta jasho.

"Wakubwa, samahani," akasema. "Huyu bibi aliyekaa humu ndani, mmemwekea mlango mwingine upande gani?"

Kaka aligeuka, akaelekea nyumba ya mbele, haraka, akisema ana simu ya kupiga.

Mwashi akanitazama mimi. Alikuwa kijana mpole, alikuwa anasubiri tu kuambiwa. Alinyoosha mkono, nami nilikuwa nimesimama karibu na rundo.

Nikampa tofali.